Sambusa za Ijumaa Ile

Mwanangu Deo,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa asubuhi umekunywa chai vikombe viwili na kuyasusa maandazi yangu kwa sababu umeninunia. Umekwenda Matiri kumuaga bibi yako na baba yako, na utarudi jioni. Nina alasiri nzima. Viazi viko jikoni vinachemka kwa ajili ya sambusa za safari yako, na daftari hili nimelinunua kwa kazi hii moja. Acha niandike sasa, kabla sijajitafutia vyombo vya kuosha.

Sitakuandikia uchemshe maji ya kunywa, wala ufunge chandarua, wala usiogelee ziwani peke yako. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyasema wewe kabla yangu, kwa sauti yangu, ukinikejeli. Ninachotaka kuandika ni jibu la swali uliloniuliza mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nikajitia hamnazo. Kwa nini sishuki nawe mpaka Mbamba Bay? Jana ulisema mbele ya jirani, mama gani anampeleka mwanawe ugenini na kuishia stendi. Yule naye akanitazama akisubiri jibu. Bi Salma ameagiza ukae kwake, ufungue hoteli yako ya chai kwenye kibanda chake, upike jikoni kwake mpaka upate jiko lako. Mtu anakufanyia yote hayo, halafu mama yako hataki hata kwenda kumwambia asante. Ndivyo unavyoona, na mimi ningekuwa wewe ningenuna vilevile.

Si kwamba sitaki, Deo. Nimekatazwa. Bi Salma mwenyewe amenikataza, na ana haki. Nikueleze tangu mwanzo, maana ukilisikia nusu utamchukia yeye, na kosa si lake.

Wewe Bi Salma unamkumbuka kwa kashata alizokuwa anakuwekea kiganjani. Alikuwa mke wa Mzee Athumani, mwenye duka la kona, nyumba ya tatu kutoka hapa. Asili yao ni Kilwa, lakini mzee alifika Mbinga akiwa kijana, akichuuza bidhaa za watu wengine, akaipenda baridi ya huku, akaleta mke, wakabaki. Mimi nilihamia mjini kutoka Matiri nikiwa na mimba yako. Sikumjua mtu. Kiswahili changu kilikuwa cha shule na kanisani, na neno likinipotea nilichomeka Kimatengo. Wengine walinicheka. Bi Salma alikuwa anangoja nimalize, kisha ananijibu kana kwamba nimesema vizuri.

Tukawa watu wa kuingiliana jikoni. Kila Krismasi baba yako alikuwa anamwita Mzee Athumani aje amchinje mbuzi wetu kwa mkono wake, ili na wao wapate kula. Alikuja na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa, anachinja, anakunywa chai, mchana anarudi na mkewe na Rehema, binti yao, tunakula sinia moja. Sikukuu ya Idd sisi tulikuwa kwao tangu asubuhi. Hapakuwa na aliyeona ajabu.

Halafu baba yako akapunguzwa kazi. Unakumbuka alivyokuwa anapima kahawa kwenye ghala la ushirika, kalamu sikioni. Siku moja wakasoma majina na lake likawamo. Alikaa hapa wiki mbili akitengeneza kiti kilekile, anakifungua na kukigongea upya, kisha akarudi Matiri kwenye mibuni ya babu yako. Mimi nikabaki mjini na wewe na karai moja. Wakati huo maduka yalikuwa yameanza kujaa. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni miaka mingi, ghafla tukaona unga wa ngano umepangwa mpaka darini na mafuta ya kupikia ya kuchagua. Vitu vilikuwepo, uwezo ndio haukuwepo. Bi Salma akaja akaketi kwenye kile kiti cha baba yako, akaniambia, "Mama Deo, unga upo, viazi vya kwenu vipo, na mikono unayo. Unangoja nini?"

Akanifundisha sambusa. Nilimwambia nyama sina uwezo nayo. Akasema, "Nani amekutajia nyama? Weka mboga. Ya mboga inaingia kila nyumba." Na kwa mji wetu huu ilikuwa kweli. Wakatoliki Ijumaa za Kwaresima hawagusi nyama. Waislamu wengi hawanunui nyama ya barabarani kwa sababu hawajui kachinja nani. Sambusa ya mboga haina maswali. Mtu anauliza ndani kuna nini, unamwambia viazi, karoti, njegere na kabichi, basi anakula kwa amani.

Mapishi unayajua. Unakunja pembe kali kuliko zangu, hata Bi Salma atakubali. Lakini nivumilie, nataka niyaandike mara moja kama nilivyopewa. Unga, chumvi na maji ya vuguvugu, unakanda mpaka donge liwe laini kama ncha ya sikio. Unalifunika lipumzike. Alikuwa ananipiga kwenye mkono nikiligusa mapema. Kisha unasukuma visahani viwili vidogo, unapaka mafuta juu ya kimoja, unanyunyiza unga, unakifunika kwa cha pili, halafu unavisukuma pamoja mpaka viwe vyembamba na vipana. Unababua juu ya chuma cha moto, upande huu na upande huu, visiive. Na vingali moto unavitenganisha kwa vidole. Hizo ndizo manda. Alisema vidole vya mpishi vinazoea, lakini vyangu havijazoea mpaka leo. Manda mbili zinaachana kwa sababu ya yale mafuta ya katikati. Hapo kwenye mafuta ya katikati ndipo nilipoharibu.

Viazi usiviponde, vikate vidogo. Kabichi uitie chumvi na kuikamua, la sivyo inalowesha manda. Bizari nyembamba uikaange kavu kabla ya kuitwanga. Kitunguu kiingie mwisho, kibaki na ukali wake kidogo. Na chachandu iwe ya ukwaju. Kwenye baridi yetu hii ukwaju hauoti, Bi Salma alikuwa anauagiza kwa watu wa Chiwanda wanaopanda na samaki kutoka ziwani. Unauloweka, unaukamua, unachuja kokwa, unauchemsha na sukari kidogo, chumvi, kitunguu saumu na pilipili kali, ukipoa unakatia majani ya giligilani. Mara ya kwanza niliukosa, nikatumia ndimu. Akaonja, akaniangalia, akasema, "Hii utampa mwenye kikohozi." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa sikiliza. Kuna mwaka Kwaresima na Ramadhani ziliingia karibu siku moja. Wewe ulikuwa Matiri kwa bibi yako, unasoma kule. Mji mzima ulikuwa kwenye mfungo, hawa wa mchana, hawa wa nyama, na wote wakitaka sambusa za mboga. Sijawahi kukunja sambusa nyingi vile. Nilikuwa nauza langoni mwa kanisa watu wakitoka kwenye Njia ya Msalaba, kisha nakimbia kuuza za futari. Bi Salma alikuwa anasema mimi na yeye tumefunga ndoa na karai.

Mvua za Machi zikakata barabara ya Songea. Malori yakalala kwenye matope, na siku ya nne mafuta ya kupikia yakawa hayapo mjini kote. Ijumaa ile asubuhi nilikuwa na mafuta ya kukaangia mara moja tu, nayo ya jana. Ya kupaka katikati ya manda sikuwa nayo. Ila kwenye rafu kulikuwa na kopo la mafuta ya nguruwe, ambalo mjomba wako alilileta Krismasi kutoka Matiri. Ndiyo mafuta niliyokulia, unajua, kwetu nguruwe yuko nyuma ya kila nyumba. Nikapaka hayo. Nikajiambia hizi ni za kanisani, ni za kina mama wenzangu, hakuna tatizo. Na hata hapo nilikuwa najidanganya, kwa sababu ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na mimi nawauzia watu sambusa zisizo na nyama. Nikasema mafuta siyo nyama. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Nikasukuma manda za siku nzima, nikazirundika chini ya kitambaa kibichi.

Saa nane akaja Rehema. Mama yake yuko kitandani na homa, hawezi kusimama, na mzee amealika watu kutoka msikitini waje wafuturu. Anaomba nimtengenezee sambusa arobaini na chachandu. Mkononi alikuwa na jagi la mafuta safi, ya mwisho nyumbani kwao. "Mama amesema uzikaange kwa haya." Nilifurahi. Nilifurahi kwamba Bi Salma, mwalimu wangu, anaweka futari ya mume wake mikononi mwangu. Nikaliosha karai kwa majivu mara mbili, nikaosha mwiko, nikaosha chujio. Nilikuwa najiona mtu mwangalifu kweli. Nikakunja, nikakaanga kwa mafuta yake, zikatoka rangi nzuri. Nikapanga kwenye sinia, nikafunika.

Nilipogeuka kuweka jagi rafuni nikaona lile kopo. Hapo ndipo ikanijia kwamba manda zilikuwa za asubuhi. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro.

Nilikuwa na muda. Laiti ningekuwa sikujua, au ningekumbuka wameshakula, isingekuwa mzigo kama huu. Nilikuwa na saa nzima na zaidi kabla ya magharibi. Ningeweza kumwaga zote na kuchemsha viazi. Ningeweza kutembea nyumba tatu nikasema, Bi Salma, nimeharibu, nisamehe, wape wageni uji na tende. Angekasirika, angeinuka na homa yake, angepata cha kuwapa. Badala yake nilisimama nimeshika meza. Nilifikiri habari zikitoka hakuna Mwislamu atakayenunua kwangu tena. Nilifikiri sare yako ya shule. Nilifikiri atakavyoniona, yeye aliyenisubiri nimalize sentensi. Vyote nilivyofikiri vilikuwa vyangu. Wale waliokuwa wamekaa na njaa tangu alfajiri sikuwafikiria hata kidogo. Rehema alipobisha hodi nikamkabidhi sinia kwa mikono miwili.

Kesho yake Bi Salma alipata nafuu akaja mwenyewe kurudisha sinia. Hakulirudisha tupu, alikuwa ameweka tende. Akasema wageni wamesifu, mzee amekula tano, na manda zilikuwa laini hajapata kuona. "Umezifanyaje leo?" Nikasema, "Mkono tu." Akacheka, akasema mwanafunzi amempita mwalimu, akanishika bega. Zile tende sikuweza kuzila. Ulipokuja kunisalimu Jumapili nikakupa wewe, ukazimaliza zote ukiwa umesimama mlangoni.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, akasema Mungu anasamehe, lakini huyo mama nenda ukamwambie, ndiyo malipizi yako. Nikaona padre huyu ni mkali. Miezi miwili baadaye, nilipokuwa Matiri, nikaungama kwa mwingine, mzee, msikivu, ambaye watu wanasema hutoa Salamu Maria tatu kwa kila dhambi. Naye akaniambia nenda kamwambie. Nikatoka nimekasirika, nasema moyoni hawa wameambiana. Cheka, nakuruhusu. Mwanamke mzima anazunguka parokia akitafuta padre wa kumhurumia, na mtu wa kumwambia yuko nyumba ya tatu.

Sikumwambia. Nikaanza kumkwepa. Nilibadili njia ya sokoni nisipite dukani kwao. Akinialika nina kazi, akija nimejilaza na kichwa. Krismasi mzee alikuja kuchinja kama kawaida, na kisu chake kwenye kitambaa. Nikajifungia chumbani kwa sababu sikuweza kumwangalia mtu anayejitahidi tule pamoja. Mwaka uliofuata nilimwambia baba yako tusichinje mbuzi, tununue samaki. Hakuuliza. Unamjua baba yako.

Bi Salma aliuliza. Alikuja siku moja nikiwa nafua, akasimama, hakukaa. "Mama Deo, nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Hata, ni shughuli tu." Akasema, "Kama kuna neno nilisema, niambie nikuombe radhi." Alikuwa tayari kuniomba mimi radhi. Nami nikaendelea kufua, nikamwacha aondoke akiamini kwamba kosa ni lake. Ninakuambia kweli yote, lile la sinia lilinishinda kwa hofu, lakini hili nilifanya kwa moyo mtulivu, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Biashara ilipofunguka kule ziwani, meli ikileta vitu kutoka Malawi, wakahamia Mbamba Bay. Siku wanapakia mizigo mimi nilikaa jikoni, nikakutuma wewe na mkungu wa ndizi. Ukarudi na kashata. Na mzee alipofariki mwaka jana, nilituma salamu za rambirambi kwa mdomo wa dereva. Mtu aliyekula sinia moja nami, nimemtumia dereva.

Kisha ukaja wewe na mipango yako ya kwenda Mbamba Bay. Nami hapo pia niliteleza, uniwie radhi. Uliposema unataka kuwa mpishi niliona aibu, mtoto wa kiume, na nikawaambia watu unakwenda kujifunza udereva. Nawe ulinisikia. Wiki ileile ikaja salamu kutoka kwa Bi Salma, ameiandika kwenye kikaratasi: mtoto wa Mama Deo hapangi chumba kwenye mji anaoishi yeye. Nilisoma kile kikaratasi mara nyingi mpaka kikachakaa. Nikajua kwamba ukishuka pale ukala chakula chake kabla sijasema, nitakuwa nimekabidhi sinia la pili.

Mwezi uliopita nilikuambia nakwenda Litumbandyosi msibani. Hapakuwa na msiba. Nilipanda lori la mahindi nikashuka Mbamba Bay.

Alinipokea, Deo. Alinikumbatia mlangoni, akalia kidogo kwa ajili ya mzee, akaniweka kwenye mkeka, akatenga chai, akaanza kuchambua mchele anipikie. Nikamwambia, "Bi Salma, usinipikie kwanza." Nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, kopo, rafu, saa kumi na moja kasoro, mkono tu. Yeye aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akaniuliza, "Mzee alikula?"

"Alikula."

"Ulijua kabla hajala?"

"Nilijua."

Ungo akauweka chini. Nje watoto walikuwa wanafukuza kuku kwenye dagaa wa usipa walioanikwa, nami nasikia kila kitu. Halafu akasema taratibu, bila ukali, "Sisi tuliokula bila kujua hatuna hesabu nalo, Mola anajua. Kwa hilo nimekusamehe, na mzee angekusamehe, pengine angecheka. Lakini mimi nilikaa miaka minane najiuliza. Nilimsumbua mzee usiku, labda niliikejeli dini ya Mama Deo, labda nilimdharau kwa umaskini, labda mtoto wangu kasema kitu. Nilikuwa napita mlangoni kwako nakohoa ili utoke. Ulikuwa unanisikia?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nakusikia."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mtoto aje. Sina neno naye, chumba chake nimeshafagia. Ila wewe usije naye. Nikiweza kukuona, nitakuita." Nikainuka. Hakunisindikiza. Nilifunga mlango mwenyewe, nikalala stendi kwa mama muuza uji, nikarudi na lori la asubuhi. Baada ya Bi Salma, baba yako ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Aliniangalia akasema, "Miaka yote hiyo tulikula samaki Krismasi kwa sababu ya hilo?" Kisha akatoka nje akakaa kwenye magunia, na aliporudi akanishika mkono, jambo ambalo unajua si kawaida yake.

Basi ndiyo hiyo sababu, mwanangu. Sasa unajua, na pengine utanuna zaidi, lakini utanuna kwa jambo la kweli.

Nina ombi moja. Usinitetee kule. Usimwambie mama analia, mama amekonda, mama anakusalimu. Nakujua una huruma na una mdomo mtamu, utataka kutupatanisha kabla ya wiki kwisha. Usifanye. Ukinihurumia mbele yake utamlazimisha kunisamehe kwa ajili yako, na huo utakuwa wizi mwingine. Wewe pika tu. Mkaribishe aingie jikoni wakati wowote, aone kila kopo. Akikuuliza umeweka nini, mwambie. Asipouliza, mwambie pia.

Na wewe utakosea. Anayepika kila siku hukosea kila siku, na mambo mengine yanatosha kucheka na kuanza upya. Lakini likikupata la kukufanya ushike meza, nenda ukaseme sinia lingali mezani. Ukichelewa, nenda limeshatoka. Nenda wameshakula. Nenda hata kama umeshajibu uongo na umesifiwa kwa uongo huo. Nilidhani kila siku inayopita inalifanya jambo lipoe, kumbe kila siku nilikuwa namkosea upya mtu mzima, akiwa mlangoni kwangu, anakohoa.

Viazi vimeiva, nasikia maji yamekauka. Nitakunja sambusa hizi kwa mafuta ya alizeti, kopo liko juu ya meza, ukija utaliona. Kesho nitakufikisha stendi, nitakupandishia mzigo, nami nitabaki. Ukishuka Mbamba Bay utamkuta Bi Salma amesimama anakungoja, maana akisema atakuja, huja. Pokea mkono wake, mpe shikamoo yako. Yangu usimpe. Hiyo nitaileta mwenyewe, akiniita.

Mama yako,
Kristina